WinDev, Laravel au Django: programu ya depo ijengwe juu ya nini Lubumbashi?

Mwenye depo ya dawa katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, au mkuu wa shule kule Katuba, akitafuta programu ya kushika mauzo, stoki au malipo ya wanafunzi, jibu atakalopewa linategemea sana umri wa fundi aliyemwendea. Fundi aliyeanza kazi miaka ya 2000 atamwambia WinDev, pengine hata Access ya Microsoft. Kijana aliyemaliza chuo juzi atamwambia Laravel, au Django. Kila mmoja atamcheka mwenzake kidogo: yule wa kwanza ataitwa mzee wa zamani, huyu wa pili ataambiwa anafuata fasheni. Wote wawili wana hoja, na pesa inayochezewa hapo ni ya mwenye depo.

Laravel na Django ni fremuweki, yaani kiunzi ambacho kazi za kila siku za programu zimeshaandikwa ndani yake: kuunganisha skrini na hifadhidata, kumtambua mtumiaji na nywila yake, kuhakiki kilichojazwa kwenye fomu. Fundi anabaki na yale ya biashara yenyewe. Laravel, aliyoitoa Mmarekani Taylor Otwell mwaka 2011, inatumia lugha ya programu ya PHP. Django ilianzia kwenye gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ikatolewa hadharani mwaka 2005. Hiyo inatumia lugha ya Python. WinDev ya kampuni ya PC SOFT ya Montpellier, Ufaransa, ni zaidi ya fremuweki. Ni karakana nzima: ina lugha yake, chombo cha kuchora skrini, chombo cha kutengeneza ripoti, na hifadhidata yake inayoitwa HFSQL.

Tuanze na WinDev, maana vijana wanaidharau kuliko inavyostahili. Lugha yake inaandikika kwa Kifaransa. Anayetaka kuongeza rekodi anaandika HAjoute, anayetaka kuibadilisha anaandika HModifie, na mtu aliyesoma shule zetu anaelewa bila kutafuta kamusi ya Kiingereza. Maelezo yote yako kwa Kifaransa pia. Skrini ya kuingizia bidhaa inapatikana ndani ya saa chache, na ripoti za kuchapisha, ambazo ndizo wateja wetu wanazipenda kuliko kitu kingine chochote, zinatoka nadhifu. Programu ikikamilika inawekwa kwenye kompyuta ya duka na haihitaji intaneti hata siku moja. HFSQL inasambazwa na programu bila mteja kulipia leseni ya hifadhidata. Kwa duka lenye kompyuta mbili na keshia mmoja, hayo si madogo.

Lakini leseni ya fundi mwenyewe inalipiwa, na si rahisi, na matoleo mapya hutoka karibu kila mwaka. Tusidanganyane: si kila nakala inayotumika mjini ililipiwa. Anayejenga juu ya nakala iliyovunjwa kufuli hapati marekebisho wala msaada, na mteja wake anarithi tatizo hilo bila kujua.

Kisha kuna umeme. HFSQL katika umbo lake la Classic ni mafaili tu yaliyolala kwenye folda inayotumiwa na kompyuta zote: faili la data, na pembeni yake faili la faharasa linaloonyesha kila rekodi iko wapi. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata umeme keshia akiwa katikati ya kuandika, faharasa inaweza kuharibika. Asubuhi dawa iliyo kwenye rafu haionekani kwenye orodha, mpaka fundi aje kuijenga upya. Access ina ugonjwa huohuo, na juu yake faili lake haliruhusiwi kuvuka gigabaiti 2. Kwa haki, dawa ya ugonjwa huu imo ndani ya WinDev yenyewe: HFSQL ya seva, yaani programu moja inayotunza data na kuzihudumia kompyuta zote, au kuiunganisha WinDev na hifadhidata nyingine za seva kama PostgreSQL au MySQL. Ni uvivu wa mafundi unaoacha maduka kwenye mafaili ya folda.

Upande wa pili, Laravel na Django hazina malipo ya leseni, na tangu mwanzo zinafikiri kwa seva. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Wanasikia programu ya wavuti, wanafikiri lazima iishi kwenye seva ya Ulaya na ifikiwe kwa bando. Ndivyo vijana wengi wanavyoiweka, na ndiyo maana mtandao ukilegea duka linarudi kwenye daftari. Haina ulazima. Kompyuta ndogo iwekwe chini ya kaunta ndani ya depo, ibebe Django au Laravel pamoja na PostgreSQL, iunganishwe na ruta, na vyote viwili vilishwe na inveta na betri. Umeme ukienda, kompyuta kubwa za kaunta zinazimika. Keshia anachukua simu yake, anafungua kivinjari kwa Wi-Fi ya ndani, anaendelea kuuza. Hakuna bando lililotumika. Programu ya WinDev iliyofungwa kwenye kompyuta ya mezani haikupi hilo. PC SOFT wana vyombo vya wavuti na vya simu, ila ni bidhaa nyingine.

Django ina jambo moja linalovutia sana kwa kazi za hifadhidata. Ukishaeleza kwamba dawa ina jina, namba ya loti, tarehe ya kuisha muda na bei, mistari michache tu inatosha kukupa sehemu ya usimamizi yenye orodha, utafutaji na fomu. Mafundi wengine wanaikabidhi hiyohiyo kwa mteja kama programu kamili, na hapo wanakosea. Sehemu hiyo ilikusudiwa msimamizi anayeaminika. Keshia aliyepewa ruhusa zote ndani yake anaweza kufuta mauzo ya jana, na mwenye mali asione chochote kwenye ripoti.

Gharama ya njia hii iko kwingine. Fundi lazima ajue vitu vingi kwa pamoja: lugha, fremuweki, hifadhidata, mfumo wa Linux kidogo, na ukurasa unaoonekana kwenye kivinjari. Vipande vya nyongeza vinapakuliwa kutoka mtandaoni, na anayelipia megabaiti kwa dola anajua folda ya maktaba za JavaScript inavyonenepa. Uchapishaji wa risiti ndogo unasumbua, kwa sababu kivinjari hupenda kufungua dirisha la kuuliza kila mara. Kuna njia ya kulizima katika Chrome, ila fundi aijue. Halafu kuna kuzeeka. Kila toleo kubwa la Laravel hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 2. Matoleo ya Django ya msaada mrefu, kama 5.2 ya Aprili 2025, hupata miaka 3. Visual Basic 6 ni lugha ya Microsoft ya mwaka 1998, na chombo chake cha uundaji kiliacha kuhudumiwa mwaka 2008, lakini programu zake bado zinafunguka kwenye Windows za leo. Wazee wakitaja hilo wana haki. Ila seva iliyofungiwa ndani ya depo haiko hatarini kama ile iliyo wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo uzee wa toleo unauma polepole zaidi.

Mabishano haya yote yananishangaza kwa jambo moja: yanaruka yale ambayo hakuna fremuweki inayokufanyia. Chukua majina. Rekodi ya mtumiaji inayokuja tayari ndani ya Django ina jina la kwanza na jina la ukoo. Kongo tuna majina matatu, nom, postnom na prénom, na daftari la shule linapangwa kwa hizo tatu. Fundi anayebana postnom ndani ya mojawapo ya nafasi mbili ataishia na mwanafunzi mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa mpangilio tofauti. Nyaraka za Django zenyewe zinaonyesha namna ya kuandaa rekodi yako ya mtumiaji tangu mwanzo wa mradi, na zinaonya kwamba kuibadili katikati ni kazi ngumu. Laravel nayo inakuja na safu moja tu ya jina.

Au chukua saa. Laravel na Django zote zinaanza zikiwa zimepangwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na Lubumbashi iko saa mbili mbele. Asiyegusa mpangilio huo, dawa iliyouzwa saa saba usiku kwenye farmasi ya zamu inaingia kwenye tarehe ya jana, na kesi ya keshia na hesabu isiyokaa sawa inaanzia hapo. Anayenakili mipangilio ya mwenzake wa Kinshasa atabaki na kosa la saa moja.

Fedha ndiyo balaa kubwa. Bei imeandikwa kwa dola, mteja analipa nusu kwa dola na nusu kwa faranga, chenji inarudi kwa faranga. Nimeona programu, za WinDev na za Laravel sawasawa, zinazoweka kiwango cha kubadilisha mahali pamoja tu kwenye mipangilio. Mwenye duka akibadilisha kiwango asubuhi, ripoti ya mwezi uliopita inabadilika nayo! Mwaka 2025, faranga ilipopanda ghafla dhidi ya dola, kosa la namna hii lilitosha kuonyesha faida ambayo haikuwahi kuwepo. Kila mstari wa malipo unapaswa kubeba kiasi, sarafu na kiwango cha saa ileile, kwa namba za desimali zisizokadiriwa. WinDev ina aina ya data ya fedha, Django na Laravel zina desimali. Vyombo vipo, anayekosekana ni mtu wa kuuliza.

Hilo linatuleta kwa mtu mwenyewe. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16% ilianza mwaka 2012, na sasa DGI, idara ya kodi, inasukuma ankara sanifu inayopitia kifaa cha kielektroniki cha kodi. Kila kanuni ya namna hii inataka mtu wa kufungua programu na kuibadilisha, na mara nyingi yule aliyeiandika ameshapata kazi migodini Kolwezi. Mrithi wake atatoka vyuo vya hapa, UNILU au ESIS Salama, na wengi ninaokutana nao wameshagusa PHP au Python. Walio tayari kununua leseni ya WinDev ili warekebishe kazi ya mtu mwingine ni wachache. Kwangu mimi hoja hii inazidi uzito wa zote zilizotangulia.

Kwa hiyo anayeanza leo ningemwelekeza Laravel au Django juu ya PostgreSQL, seva ikae ndani ya duka, na nakala ya data itoke kila usiku kwenda kwenye diski ambayo mwenye mali analala nayo nyumbani. Kati ya hizo mbili, achague ile ambayo angalau mafundi wawili anaowafahamu wanaiweza. Na kabla ya hapo aangalie kama programu za biashara zilizo tayari, Odoo au Dolibarr, hazimtoshi. Depo nyingi hazihitaji kuandikiwa kitu kipya.

Aliye na WinDev inayofanya kazi vizuri tangu miaka kumi, asiivunje kwa aibu ya fasheni. Adai mafaili ya mradi na nywila za data, ahamishe data kutoka kwenye folda kwenda kwenye seva, basi. Na yeyote kati yao, siku fundi anapokuja kuonyesha programu, asubiri keshia afike katikati ya mauzo ya bidhaa tatu, kisha azime swichi kuu ya ukutani na kuangalia ni mistari mingapi imebaki.