Kiswahili Unacho, Mbona Unaagiza kwa Kiingereza?

Wiki hii kikundi chetu cha WhatsApp cha kazini kimenichefua. Mwenzetu mmoja amerudi kutoka Zanzibar na hukumu tayari: "Kule ni kwa Wazungu. Ukitaka kula, uza shamba kwanza." Akatuma picha ya pizza, bahari nyuma yake, na risiti aliyoizungushia duara jekundu kama mwalimu wa hesabu. Watu wakamlilia. Kufikia jioni safari yetu ya Desemba, ambayo tumeichangia miezi na miezi, ilikuwa imeshazikwa, na kuna mtu alipendekeza twende Naivasha tukaangalie viboko. Viboko! Sisi watu wa Kisumu, ambao viboko wanatufuata wenyewe hadi Dunga.

Nikamwandikia pembeni: ndugu, mhudumu uliongea naye lugha gani? Akakaa kidogo, kisha akajibu: "Si kule ufukweni wote wanaongea Kizungu?"

Hapo ndipo damu ilinichemka. Huyu jamaa namjua. Nimewahi kwenda naye Dunga kununua samaki. Anamshika ngege kwenye matamvua, anamgeuza, anamwambia mama kwamba macho yameingia ndani, anauliza mbona mkia umekonda hivi, anaondoka hatua tatu, anaitwa, anarudi, analipa pungufu ya hamsini na bado anaongezewa kadogo ka juu. Hayo yote kwa Kiswahili cha kuokoteza na Kijaluo cha kujazia. Sasa mkalishe mtu huyo huyo kwenye mto wa kukalia wa rangi pale Nungwi, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Zanzibar, mpe menyu yenye jalada gumu, uone ulimi unavyojikunja. Haulizi bei. Haulizi samaki ametoka lini majini. Anaagiza kwa Kiingereza cha mahojiano ya kazi, analipa, anashukuru, kisha anakuja kutulilia sisi.

Visiwa vya kutembelea duniani ni vingi, lakini Zanzibar ni kisiwa ambacho kila mtu, kuanzia muuza madafu hadi askari wa barabarani, anaongea lugha tuliyofanyia mtihani darasa la nane. Mtalii wa Kiitaliano angelipa pesa nzuri kuazimwa mdomo wako kwa wiki moja. Wewe unauacha uwanja wa ndege.

Na faida yake si heshima tu, ni hela. Hoteli za Nungwi zimekipa kijiji mgongo. Pita katikati yake, vuka wale vijana wa kuuza picha za Wamasai, endelea mpaka unapoona watoto wanacheza mpira na daladala 116 inageuza. (Vaa shati, tafadhali, hicho ni kijiji cha watu.) Hapo utakuta mabenchi, masufuria yamefunikwa, na mama lishe anayepika kwa ajili ya wavuvi na mafundi, si kwa ajili ya kamera yako. Wali wa nazi, maharage ya nazi, mchuzi wa samaki, mchicha. Nilikula hapo na binamu yangu kutoka Siaya, tena tukashiba, kwa pesa ambazo ufukweni zingetununulia glasi moja ya juisi tunywe kwa zamu.

Ingawa karibu tufukuzwe. Binamu yangu aliingia kwa mtindo wetu: "Hapa mko na nini?" Mama hakuinua hata macho. Alifunika sufuria polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Waaleikum salaam, mwanangu." Salamu ambayo hakuna aliyeitoa! Benchi zima likaangua kicheko. Binamu ikabidi aanze upya, shikamoo mama, habari za kazi, habari za nyumbani, mpaka uso wa mama ukafunguka. Baada ya hapo hakuna kilichokuwa na bei ya mgeni. Tuliongezewa mchuzi bila kuomba. Alitaka kujua kama ni kweli watu wa ziwani tunakula samaki bila nazi, na nilipomwambia ni kweli, alitutazama kwa huruma ya msibani.

Mji Mkongwe ni rahisi zaidi. Mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, chakula kimepangwa mbele yako na unaonyesha kwa kidole: pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka. Hata aliyepata D ya Kiswahili hawezi kulala njaa. Kahawa nenda Jaws Corner, kijiwe cha wazee, kikombe kidogo cha kahawa chungu, kaa barazani usikilize wazee wakibishana siasa. Utapata na mchezo wa bao juu yake, bure.

Lakini kwangu mimi, kisiwa ni urojo. Jioni jua likianza kulegea, tafuta meza yenye watu wengi na sufuria moja kubwa. Mtazame anayepakua. Anaanza na viazi vya kuchemsha, anatia bhajia, anapasua kachori kwa ukingo wa kijiko, anachomoa nyama ya mshikaki kutoka kwenye kijiti kwa vidole viwili. Kisha anamwaga ule urojo wenyewe wa manjano, mwepesi kuliko uji, mchachu wa embe na ndimu mpaka taya zinauma. Juu yake chatini ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo anazozivunja kiganjani. Unakula umesimama au umekaa kwenye ngazi ya nyumba ya mtu. Mara ya mwisho nililipa kama shilingi 3,000 za Tanzania, ambazo ni kama mia moja na hamsini zetu. Kwa bei hiyo hapa Kondele, Kisumu, unapata nini cha kukutoa jasho la puani?

Sasa Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari Mji Mkongwe yenye vyakula vya usiku. Naam, pazuri, moshi, taa, bahari, vijana wa kofia nyeupe wanaokuita "rafiki". Wenyeji ukiwaona pale wanakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, au wanakula ile pizza ya Kizanzibari ya kukunjwa. Milima ya kamba na pweza kwenye vijiti imepangwa kwa ajili yako. Uliza bei kabla hajakiweka kijiti motoni.

Nitakubali machache, shingo upande. Nauli ya ndege kutoka Kisumu kupitia Nairobi inauma, hapo mwenzetu hakudanganya. Lafudhi yetu inachekwa, na wapo wanaosikia "niko na njaa" wakapandisha bei papo hapo, maana Mkenya naye anadhaniwa ana pesa. Tumbo pia linaweza kukusaliti, ingawa mimi naogopa zaidi bufee iliyokaa tangu asubuhi kuliko sufuria inayokwisha saa nane. Na Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2025 za kuzuia bei za humo ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, jambo jema, ila hakuna kanuni inayosema pizza ya ufukweni ishuke.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiende tu Takawiri, kisiwa cha kwetu Ziwa Victoria, mchanga mweupe upo, minazi ipo, na pesa inabaki Homa Bay. Swali zuri. Nitalijibu siku nyingine, nikiwa na hasira za kutosha.

Jambo moja la saa, kwa sababu hili ndilo linalowaangusha wengi. Mama lishe hapiki kwa kuagizwa. Amepika cha mchana, kikiisha kimeisha, anaosha sufuria. Mgeni aliyelala hadi saa tano, akaogelea hadi saa tisa, halafu anazunguka kijijini akitafuta wali, ataambiwa umeisha na atarudi kwenye menyu ya jalada gumu akisema chakula cha bei nafuu hakipo. Kipo. Kimeliwa na walioamka.

Na kama likizo yako inaangukia Ramadhani, elewa kwamba mchana vibanda vya wenyeji vimefungwa na hutakula hadharani. Nunua ndizi na mkate sokoni Darajani asubuhi, kula chumbani mwako kimya kimya, halafu magharibi ikiingia toka nje na tumbo tupu, kwa sababu wali, maandazi, mihogo ya nazi na tambi vitakuwa vimetandazwa kila kona. Ila usinipigie simu saa saba mchana kuniambia kisiwa kina njaa.