Wazee wanaongezeka au vijana wanastaafu?

Nimesoma hii habari kwamba chama cha wastaafu wa jeshi hapa Mbeya kinapata wanachama wapya nikafurahi ila jamani tuseme ukweli, hao wapya wengi sio wa Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda. Aliyekuwa na miaka 20 Idi Amin wa Uganda alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 saa hizi anagonga 70, kwa hiyo wale wanapungua, wanaoongezeka ni waliostaafu juzi juzi wana pensheni na simu janja wanajua faida ya kuwa na umoja.

Mjomba wangu kule Rungwe alienda vitani kama mgambo, akavuka mpaka pale Mutukula na miguu yake, Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwepo, akarudi na koti na kikohozi basi. Jeshi lilitoka kama watu 40,000 likafika zaidi ya laki kwa sababu ya mgambo na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), sasa hao waliorudi kulima viazi na migomba nani anawaandikisha? Mjomba alivyoenda kuuliza akaambiwa alete namba ya jeshi, mwee! karatasi zenyewe zililiwa na mchwa zamani. Anaitwa tarehe 25 Julai tu Siku ya Mashujaa, anakaa juani.

Viongozi wa chama shukeni Tukuyu, Kyela mpaka Chunya mkawafuate vijijini, nauli ya kuja mjini kujaza fomu hawana. Na kiingilio wasamehewe bwana, washalipa. Ndaga fijo (asante sana) kwa mwandishi wa habari hiyo.