Harding: manowari zilivunjwa, mafuta yakauzwa

Warren Harding aliiongoza Marekani kwa muda usiotimia miaka mitatu, tangu Machi 1921 hadi alipofariki San Francisco tarehe 2 Agosti 1923. Wapo wanaomkumbuka kwa kashfa ya Teapot Dome tu, yaani kukodishwa kwa hifadhi za mafuta za jeshi la majini kwa njia ya rushwa, na wapo wanaolalamika kwamba kashfa hiyo imefunika kazi kubwa ya amani aliyoifanya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinatenganisha yasiyotenganika, kwa kuwa mema na maovu ya serikali ile yalitokana na tabia moja ya rais: kumteua mtu, kumkabidhi kazi yote, kisha kutomfuatilia.

Mema yake hayakuwa madogo. Seneti ilikuwa imeukataa Mkataba wa Versailles, uliohitimisha vita na Ujerumani, na mojawapo ya sababu za chuki ya maseneta kwa mkataba huo ni kwamba Rais Wilson, mtangulizi wa Harding, alikwenda Paris kuujadili bila kumchukua seneta hata mmoja. Harding alipoyaalika mataifa Washington kujadili silaha za majini, aliwaingiza katika ujumbe wake maseneta Henry Cabot Lodge wa Republican na Oscar Underwood wa Democratic, akamwachia uongozi Waziri wa Mambo ya Nje, Charles Evans Hughes. Tarehe 12 Novemba 1921 wajumbe walitarajia hotuba ya kuwakaribisha tu. Badala yake Hughes alianza kutaja manowari za kuvunjwa, za Marekani kwanza, kisha za Uingereza na Japani. Mkataba uliotiwa saini Februari 1922 uliweka uwiano wa 5 kwa 5 kwa 3 wa jumla ya uzito wa manowari kubwa za Marekani, Uingereza na Japani, na kusimamisha kwa miaka 10 uundaji wa manowari kubwa. Wakosoaji wana haki wanaposema kwamba idadi ya nyambizi haikuwekewa kikomo, na kwamba Japani ilikuja kujitoa. Hata hivyo, kuyasimamisha mashindano ambayo yangezikausha hazina zilizokwisha kuchoshwa na vita ni jambo ambalo watawala wengi wa zama zile walilizungumza bila kulitenda.

Lakini jeshi hilohilo la majini ndilo lililoporwa. Mei 1921 Harding alitia saini amri ya kuzihamisha hifadhi za mafuta za jeshi hilo kutoka Wizara ya Jeshi la Majini hadi kwa Albert Fall, waziri aliyesimamia ardhi za umma. Tarehe 30 Novemba, siku 18 baada ya hotuba ya Hughes, mwana wa tajiri wa mafuta Edward Doheny alimpelekea Fall dola 100,000 taslimu ndani ya mkoba mweusi. Mwaka uliofuata Doheny alipata mikataba ya kuchimba mafuta katika hifadhi ya Elk Hills huko California, na Harry Sinclair, tajiri mwingine wa mafuta, akapewa hifadhi ya Teapot Dome, Wyoming, bila zabuni.

Wanaomtetea Harding husema kwamba hakupokea hata senti moja, nami nakubali, kwani hakuna ushahidi wa kinyume. Tatizo ni kwamba Juni 1922, maseneta walipoanza kuuliza, aliwaandikia kwamba sera ya kukodisha hifadhi hizo aliletewa kabla ya kupitishwa na kwamba ameiridhia yote. Aliweka jina lake chini ya jambo ambalo hakulichunguza. Vilevile, anayempa sifa za kazi ya Hughes kwa sababu ndiye aliyemteua hawezi kumwondolea dhamana ya Fall, ambaye pia alimteua yeye.

Kwa Fall, tuseme Harding alidanganywa. Kwa Charles Forbes, mkuu wa idara ya kuwahudumia askari wa zamani, utetezi huo haupo, na hapa ndipo naona uzito wa lawama. Katika maghala ya Perryville, Maryland, vifaa vya hospitali, yakiwemo mashuka mapya, viliuzwa kwa bei ya kutupa ilhali majeruhi wa vita wakingoja matibabu. Harding alipata habari hizo akiwa hai na mwenye mamlaka kamili, akamruhusu Forbes aende Ulaya na kujiuzulu kutoka huko Februari 1923 badala ya kumfikisha mahakamani. Kesi ilifunguliwa baada ya rais kufariki, na Forbes akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.