Samaki alikuwa maiti, ndiyo

Mnaoendelea kusambaza ile video ya Gwamaka, ya mimi kuchomwa na samaki nikifundisha kumwandaa, nisikilizeni na mimi. Sikung'atwa na papa. Papa afuate nini Uyole? Ni tasi, tena tasi aliyekufa Tanga, akapanda basi ndani ya boksi la barafu, akanifuata mpaka uani kwetu Mbeya. Na wewe uliyeandika "mtaalamu kauawa na kitoweo", nimekuona. Nitajibu mkono ukipona.

Kwa wale mliozoea mbasa na usipa wa Kyela: tasi, wengine humwita chafi, ni wa maji chumvi, na chakula chake ni majani ya bahari na mwani. Ukizamia usiwashtue, unakuta kundi zima limeinamisha vichwa, linachunga kama ng'ombe wa huku Uyole. Mpole kabisa kumtazama. Kumshika ndiyo habari nyingine. Mgongoni ana miiba 13. Chini, nyuma ya tumbo kuelekea mkiani, 7. Mapezi mawili ya tumboni, kila moja lina miiba 2, mmoja kila ukingo. Jumla 24. Kila mwiba una vijifereji pembeni vyenye sumu, juu vimefunikwa na ngozi nyembamba. Mwiba ukizama mwilini mwako ngozi inasukumwa nyuma, sumu unabaki nayo wewe. Na kufa kwake hakukusaidii kitu, wala barafu.

Haya yote nilikuwa nayasema kwa sauti kubwa. Ndiyo aibu yenyewe! Nimesimama uani, mkasi mkononi, Mama Tuma mwenye nyumba kakaa kwenye kigoda, watoto wamezunguka, na Gwamaka anarekodi kwa sababu mimi mwenyewe nilimwomba arekodi.

Ya mgongoni nilishaikata yote, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Nikatangaza kwamba kazi kubwa imeisha. Nikamgeuza tumbo juu ili watoto waone ile ya mapezi, ambayo wengi huisahau. (Nilisema hivyo hivyo, "wengi huisahau". Ipo kwenye video.) Barafu ilishamyeyukia, na tasi magamba yake ni madogo mno, utelezi mtupu. Akachoropoka.

Hapo sasa tazameni polepole. Samaki yuko hewani. Mkasi nimeutupa. Kichwa kinasema mwache aanguke, ni sakafu tu, ataoshwa. Mkono wa kulia haukusubiri kikao. Goti likakunjika, kiganja kikafunguka, nikamdaka sentimita chache kabla hajagusa saruji, daka ambalo pale uwanja wa mpira wa Sokoine lingeamsha jukwaa zima. Watoto wakapiga makofi kweli. Nikafungua vidole taratibu ili waone. Vidole vimefunguka vyote, mkono nimeugeuza, samaki haanguki. Ananing'inia. Kashikwa na mwiba wa tumboni uliozama chini ya kidole gumba, na mimi bado natabasamu, kwa sababu maumivu yalikuwa hayajafika.

Yakafika.

Niliita "Mamaa!" na Mama Tuma akaitika, akidhani ni yeye. Mtoto wa mwisho akakimbilia nyuma ya tanki. Gwamaka, simu haijashuka hata kidogo, akapiga kelele "Barafu! Barafu!", akanishika kiwiko na kuuzamisha mkono wangu ndani ya boksi. Boksi lile lile lenye tasi wengine, ambao miiba yao hakuna aliyekuwa ameigusa. Ahsante, Gwamaka.

Baridi haifai hapo. Sumu ya tasi ni protini, inavunjwa na joto. Nalijua hilo, ila meno yalikuwa yameumana, kikatoka kimoja tu: "Maji... moto..."

Mama Tuma akanitazama kwa huruma. "Unataka kuoga saa hizi, baba?"

Bahati yangu ni Mbeya na ni Julai, sufuria la maji halitoki jikoni. Akachanganya kwenye beseni. Lengo ni nyuzi 45 hivi, ya kuvumilika, si ya kunyonyolea kuku. Pimeni kwa mkono mzima, maana ule uliochomwa umeshachanganyikiwa, utaiva bila kukuambia. Unakaa humo dakika 30 hadi 90, yakipoa unautoa kwanza ndipo mtu aongeze ya moto. Nilikaa. Majirani wakaja kusalimia beseni.

Zahanati wakatoa kipande cha mwiba, wakanichoma sindano ya pepopunda, wakacheka nilipotoka mlangoni. Mama Tuma aliwamaliza tasi waliobaki kimya kimya, mkasi tu bila hotuba, akatoa matumbo upesi kabla yale majani hayajaipa nyama harufu, akawaungia karanga. Moto unaua sumu, msiogope kula. Mimi nililishwa kwa kijiko.

Darasa la pweza Jumapili lipo palepale. Hana miiba, msiniulize tena. Simu zitaachwa kwa Mama Tuma getini, na Gwamaka atakaa upande wa pili wa ukuta.