Vya Mababu Vimerudi kwa Mkopo, Vya Leo Tunavisindikiza Uwanja wa Ndege

Juni 2024 vitu 39 vya mababu zetu viliwasili Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Kulikuwa na vyungu vya kazi nzuri ajabu, kulikuwa na mapambo ya wakubwa wa makabila, vyote vikiwa vimekaa Uingereza zaidi ya karne moja. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila vimekuja kwa mkopo, miaka mitatu ya kuanzia, baadaye watu wakae tena wazungumze. Mwenye mali anaazimwa mali yake, na anashukuru.

Miezi hiyohiyo banda la Uganda lilikuwa wazi kwenye Biennale ya Venice, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia kule Italia. Acaye Kerunen ndiye aliyelisimamia, na ndani yake zilikuwamo kazi za Sanaa Gateja, Taga Nuwagaba, Xenson Ssenkaaba, Jose Hendo, Odur Ronald na kikundi cha wasukaji. Watalii wa Italia walizizunguka kazi hizo wakaziona mbele na nyuma. Sisi wa Kampala tuliziona kwenye simu, tena picha ndogo, na bando likiisha ndiyo basi.

Mambo haya mawili kila mtu huyazungumza kivyake: la makumbusho ni la wanahistoria, la Venice ni la wasanii. Mimi nayaona ni jambo moja. Tunahangaika kurudishiwa vilivyoondoka miaka ya 1900, huku vya miaka hii tukivifunga kwenye makasha wenyewe na kuvisindikiza uwanja wa ndege wa Entebbe. Tofauti ipo, naijua: vile vya zamani viliondoka chini ya utawala wa wageni, vya leo vinaondoka na risiti, na msanii analipwa. Lakini kwa mtoto wa Kamwokya anayesoma darasa la tano matokeo ni yaleyale. Haoni kitu.

Turudi 2022, mwaka ambao Uganda iliingia Venice kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake. Kerunen na Collin Sekajugo walipeleka kazi zao, Shaheen Merali akasimamia, na majaji wakawapa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Tuzo kuu, Simba wa Dhahabu wa banda bora, ilikwenda Uingereza kwa kazi ya Sonia Boyce. Waliotajwa kwa heshima walikuwa Ufaransa na sisi. Nchi inayokuja mara ya kwanza! Majaji walisifu maono yao na jinsi walivyojitoa kufanya kazi nchini kwao. Sifa hiyo ndiyo inayoniuma. Wanafanya kazi hapa, naam. Ukitaka kuiona kazi yenyewe, panda ndege.

Najua nitaambiwa Kampala ina kumbi. Inazo, na ninazipenda. Afriart ya Daudi Karungi imekuwapo tangu 2002, na leo mtu anaingia pale bila kiingilio akakuta michoro ambayo kesho itatundikwa London. Lakini ile ni biashara: kilichopo ukutani mwezi huu, baada ya miezi miwili kimeshapata mnunuzi, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. 32° East kule Kabalagala imejenga kituo mahsusi kwa ajili ya wasanii, wanapata pa kufanyia kazi na pa kubishania. Makerere ina jumba lake la sanaa. Nommo pale Nakasero ni ya serikali tangu miaka ya 1960, na maonyesho yanapita. Neno ni hilo hasa, yanapita. Ukumbi wa umma ambako naweza kumpeleka mtoto leo akaiona kazi ya Kerunen, na akiwa na watoto wake naye awapeleke waione ileile, mimi sijauona.

Ajabu ni kwamba mji huu ndio uliokuwa karakana ya sanaa ya Afrika Mashariki nzima. Margaret Trowell alianza kufundisha Makerere mwaka 1937, na waliokuja kusoma walitoka kila upande. Gregory Maloba alitoka Kenya. Sam Ntiro na Elimo Njau walitoka Uchagani. Wale wazee wetu wanaodai kuwa Kiswahili hapa Kampala ni cha askari na Wakongo wa Katwe tu, sijui huwa wanawaweka wapi watu hawa. Mnara wa Uhuru wa 1962, ule wa mtu aliyezungushiwa mikanda mwili mzima akimwinua mtoto juu, ni kazi ya Maloba. Bado upo. Upo kwa sababu ulitengenezwa ukae hapa, na hakuna tajiri anayeweza kuuweka kwenye kasha.

Ya Ntiro ni hadithi nyingine. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na tangu 1960 picha hiyo iko MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Nikitaja ndizi na New York siwezi kumwacha Maurizio Cattelan, msanii wa Italia: Novemba 2024, wapiga mnada wa Sotheby's waliuza ndizi yake iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya utepe, dola milioni 6.2, na mnunuzi akaila mbele ya kamera. Nimeulizwa na majirani kama na mimi naiona hiyo kuwa sanaa. Naiona kuwa utani mzuri uliouzwa ghali mno, na hapa kwetu ingeliwa kabla ya wageni kufika. Ndizi ya Ntiro ina watu, ina usiku, ina harusi, na ndiyo ningependa kuiona kwa macho yangu.

Lakini mfano unaonikaa zaidi ni lubugo. Gome la mti wa mutuba huchunwa wakati wa mvua, shina likafunikwa majani ya mgomba lipone, na gome likagongwa kwa nyundo za mti zenye michirizi, kubwa kwanza kisha ndogo, mpaka linapanuka kuwa kitambaa. Jua hulipa ile rangi ya udongo mwekundu. Mti uleule huchunwa tena mwaka unaofuata, na kwa miaka mingi. Watu wa ukoo wa Ngonge ndio mafundi wake wa asili katika Buganda, na UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Wafalme wametawazwa nalo na maiti wamezikwa nalo. Sasa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, analitumia mahali pa turubai, akiacha mashimo na mishono yake ionekane ndani ya mchoro. Mchoro wake mmoja uliuzwa New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1. Simlaumu hata kidogo. Amelipa lubugo heshima ambayo wengi wetu tuliiachia vitanga vya mezani vya watalii. Ninachouliza ni kama fundi anayeligonga Masaka amewahi kusimama mbele ya mchoro mmoja wa aina hiyo. Picha hizi zina gome letu, na pa kuzionea hatuna.

Kuna rafiki yangu mchoraji ambaye tukifika hapa huanza kukasirika. Ananiambia, "Wewe unataka tufe njaa ili watoto wa shule wapate matembezi." Ana hoja. Hapa wanunuzi ni wachache, kodi ya nyumba haingoji, na rangi za maana zinatoka nje kwa bei ya nje. Sungi Mlengeya aliacha kazi ya benki Tanzania akaja kushikwa mkono na jumba la sanaa la Kampala, na leo michoro yake ya wanawake weusi kwenye weupe mtupu inatafutwa na wakusanyaji wa mbali. Nani atamwambia asiuze? Theresa Musoke aliondoka kwenda Kenya miaka ya 1970, enzi ambazo kubaki kulikuwa na hatari, na alichora akiwa huko. Leilah Babirye alikimbilia Marekani mwaka 2015 baada ya kutangazwa hadharani kuwa anapenda wanawake wenzake. Mwaka 2024 sanamu zake zilisimama Venice kwenye maonyesho makuu. Msanii anaweza kuwa na sababu elfu za kuondoka au kuuza mbali. Kwa hiyo simdai msanii chochote. Naidai serikali, na nawadai matajiri wetu wanaonunua magari ya tatu na ya nne.

Maana kununua na kuweka mahali pa kuonea kunawezekana, wenzetu Afrika wamejenga taasisi zao. Koyo Kouoh, msimamizi wa maonyesho, Mkameruni aliyechaguliwa kuongoza Biennale ya 2026 na kufariki Mei 2025 kabla ya kuiona ikifunguliwa, hakuanzia Venice. Alianzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company kule Dakar, akaenda kuliongoza jumba la sanaa la Zeitz MOCAA la Cape Town, na Ulaya ikamfuata. Nairobi nako Armitage huyohuyo alianzisha taasisi ya sanaa mwaka 2020. Nyumba peke yake haitoshi, hilo nalikubali. Novemba 2025 waandamanaji waliingia kwenye jumba jipya la MOWAA, makumbusho ya sanaa ya Afrika Magharibi, kule Benin City, Nigeria, siku za ufunguzi, kwa sababu swali la nani mwenye mali na nani mwenye nyumba halikuwa limekwisha. Ndiyo maana sisemi tujenge jumba jipya la vioo. Tukianza na jengo, jengo litakula pesa yote na wanene watagombania zabuni.

Tunalo Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante, taasisi ya tangu 1908. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kulibomoa ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watu wakapiga kelele, wakaenda mahakamani, na hadi leo jumba limesimama. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalirudi humo kutoka Cambridge mwaka 1962, na vile 39 vimefikia humohumo. Basi wapewe chumba kimoja na bajeti ya kununua, hata ikiwa ndogo. Waanze na waliotuwakilisha Venice 2022 na 2024, kazi moja kwa kila msanii, kwa bei ya msanii na bila kuomba zawadi. Zikae jirani na vile vyungu vya mkopo, vibao vyake viandikwe Kiswahili na Luganda pamoja na Kiingereza, kwani Baraza la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 na sijaona kikipewa kazi nyingi tangu siku hiyo.

Kamati ya kuchagua ndiyo inayonitia wasiwasi, sitaficha. Kamati zetu huwa na shemeji wengi. Wachongaji na wachoraji wawe wengi kuliko maofisa, orodha ya kilichonunuliwa na bei yake ibandikwe mlangoni kila mwaka, na anayenung'unika anung'unike akiwa na karatasi mkononi. Na siku ya kufungua, kadi za mwaliko zianzie kwa wale wasukaji na kwa mafundi wa lubugo wa Masaka, nauli ya basi ikiwa ndani ya bahasha. Mabalozi wana magari yao.