Lübeck tumeiona, sasa tuongelee nyumba ya babu Pangani

Watu wa nyumbani wakiona picha zetu za huku utasikia wazungu wanajua kutunza, sie waswahili hatuna utamaduni huo. Mie hiyo kauli naikataa kabisa. Bimkubwa yuko kwetu Hamburg amekuja kuwaona wajukuu, tukampeleka mji wa Lübeck, huku huku Ujerumani, na watoto, kwa treni haifiki hata saa nzima, mji wa kale uko kama kisiwa yaani maji ya mto Trave yameuzunguka, UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1987. Lango lao la Holstentor la karne ya 15 limepinda maana udongo wa chini ni tope, watoto walicheka wee.

Bimkubwa lango hata hakuliangalia sana, yeye alinogewa na maghala ya chumvi pale ukingoni. Chumvi ilitoka mji wa Lüneburg, tangu 1398 ikawa inakuja kwa mashua kwenye mfereji, hapo inapakiwa meli kwenda kutiwa kwenye mapipa ya samaki huko Skandinavia, Wakristo wa enzi hizo walikula samaki sana siku za mfungo. Nikamtafsiria yote hayo, akasema kumbe utajiri wote huu ni ng'onda! Sasa hivi mle ndani wanauza nguo.

Tukaingia kanisa la Mtakatifu Maria. Mwaka 1942 ndege za Uingereza ziliupiga mji mabomu, kengele zikaanguka toka mnarani na mpaka leo wameziacha palepale sakafuni, zimepasuka na kupondeka. Kwa hiyo jamani mji mnaosema umetunzwa, karibu moja ya tano yake iliungua ikajengwa tena, watu walikaa wakaamua, wakatoa hela.

Na hela ndo penyewe. Huku nyumba ikishaandikishwa ya kihistoria huruhusiwi kubadili hata dirisha bila kibali, wenye nyumba wanalalamika balaa, lakini gharama za ukarabati unazikata kwenye kodi. Halafu watu wanaishi humo! Kuna vichochoro unapita umeinama kama unaingia bandani, ukitokea ndani unakuta vinyumba vidogo, maua, baiskeli ya mtoto imeegeshwa.

Haya njoo Pangani. Na sie tuna mto, tuna maghala, pembe za ndovu zilishukia pale na sukari ya mashamba ya juu ya mto. Hao hao Wajerumani tuliwapinga pale 1888, na kiongozi wetu Abushiri wakamnyongea palepale Desemba 1889. Ukuta wa mawe na chokaa uliokaa zaidi ya miaka mia hauangushwi na ujinga wa mtu. Unaangushwa na mirathi. Nyumba ya babu ina warithi sijui wangapi, wa Muscat, wa Dar, mie huku, kila mtu anajua fungu lake lakini bati la kuziba paa hanunui mtu maana atakuwa anamjengea mwenzie. Mlango wa nakshi ulishauzwa zamani, aliyeuza tunamjua na Idi tunakula naye pilau. Na akitokea mwenye huruma anapiga plasta ya saruji, ukuta wa chokaa unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani na mawe yanaanza kumomonyoka. Kodi ya kukatiwa hapo iko wapi? Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, urithi wa dunia tangu 2000, jumba la sultani la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, sembuse nyumba yetu.

Sisemi huku ni peponi, bei ya chai na keki za familia siku ile ilinitoa jasho, na jirani zangu mpaka leo sijui majina yao. Lakini kwenye nyumba wametushinda kwa sheria na pesa, upendo hawatuzidi.

Sasa grupu la familia limewaka moto, mjomba anataka saruji ili kazi iishe haraka, bimkubwa kagoma. Mie hela ya paa ninayo ila siitumi mpaka warithi waandikishiane kwanza, na kama kuna mtu Tanga au Pangani anamjua fundi anayeijua chokaa vizuri, anitumie namba inboksi.