Jina tunasajili kwa simu, leseni inakwama jikoni kwa mama

Wiki hii afisa afya wa halmashauri ya hapa Leicester alikuja kukagua jiko langu. Alifungua friji, akachomeka kipimajoto kwenye bakuli la tui, akauliza nalipoza vipi kabla ya kulihifadhi. Akatazama ninaponawia mikono na ubao ninaokatia nyama. Jina la biashara aliliona kwenye lebo ya sambusa, akalinakili kwenye fomu yake, basi. Cheti cha jina hakuuliza, leseni hakuuliza. Nilifurahi sana, na furaha yenyewe ikanipandisha hasira, maana mdogo wangu yuko Tanga anapika sambusa hizohizo, tena ana mkono kunishinda, na mpaka leo leseni hana.

Najua wapo watakaosema, "Haya, ameanza na Uingereza yake." Nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Hapa mtu anayefanya biashara peke yake hasajili jina popote. Anachotakiwa ni jina lake halisi lionekane kwenye ankara na barua za biashara, asijiite "Limited" ilhali si kampuni, na mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi ajiandikishe kwa watu wa kodi. Kama ni chakula, unajiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, hata kama unapikia nyumbani. Ni bure, na hawana mamlaka ya kukukatalia. Ukaguzi unakuja baadaye, na huo hauna huruma: jiko chafu linafungwa.

Zamani hawakuwa hivi. Mwaka 1916, vita vimepamba moto, walitunga sheria ya kusajili majina ya biashara kwa kuwahofia Wajerumani waliokuwa wakijificha nyuma ya majina ya Kiingereza. Daftari hilo wakaja kulifunga mwaka 1982. Sisi sheria yetu ya majina ya biashara, Sura ya 213, tuliyorithi kwa Mwingereza huyohuyo, tunayo hadi leo.

Na wala sisemi tuifute. Kwenye jina sisi tumewazidi, nalisema bila kupepesa macho. Hapa jina langu halina mlinzi. Mtu wa mtaa wa pili anaweza kuamka kesho akalitumia, na mimi nikitaka kumzuia niwe nimesajili alama ya biashara au niende mahakamani. Kwetu ukishaandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, mwingine haandikishwi kwa jina hilo. Tena siku hizi ni mtandaoni: unaweka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, unajaza, unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, cheti unakipakua. Mdogo wangu alikipata akiwa amekaa kibarazani kwetu na khanga yake kiunoni. Alinitumia picha ya cheti hicho, nami niliionyesha kazini kwa kila aliyekubali kutazama. Kwa hiyo anayetaka kuniambia kwamba nimepitwa na wakati na sijui nchi imefika wapi, ajue kwamba najua.

Cheti kile alikipeleka kwenye ofisi moja ya leseni, akakutana na swali lingine kabisa. "Dada, mkataba wa pango uko wapi?" Akaeleza kwamba anapikia nyumbani. "Basi leta hati ya nyumba." Nyumba ni ya marehemu baba, hati ina jina la baba, na mirathi haijafungwa. Ni familia ngapi pale Tanga, Ngamiani au Chumbageni, ziko hivyohivyo? Ushauri aliopewa, kwa sauti ya upole kabisa, ni kwamba akaandikishane mkataba na mama.

Yaani mama ampangishe bintiye jiko alilomlelea. Na mkataba ukishakuwepo, kuna ushuru wa stempu, kuna kodi ya zuio asilimia 10 ya pango, na hilo pango hakuna anayelipa wala anayepokea. Mtu mwaminifu anasukumwa aandike uongo ili aonekane halali, kisha autozwe kodi huo uongo. Mdogo wangu alikataa. Namheshimu kwa hilo, ingawa kwa kukosa leseni, zabuni ya chai ya shule aliyoitaka ilikwenda kwa mwingine.

Mtaniambia, "Huko kwenu si ndiko kwenye makampuni hewa?" Kweli yapo, tena yamewaumiza. Ndiyo maana walitunga sheria mpya mwaka 2023, ada ya kusajili kampuni mtandaoni ikapanda kutoka pauni 12 hadi 50 Mei 2024, na wakurugenzi sasa wanathibitisha utambulisho wao. Hayo ni makampuni. Kikaango cha sambusa hakifichi fedha za fisadi.

Mtaniambia pia kwamba serikali yetu haijui kurahisisha. Inajua. Desemba 2018 zilianza kutolewa kadi za wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na wala hapakuwa na habari ya mkataba wa pango. Mama ntilie alilipa, akaendelea na kazi. Aliyekua akavuka hapo ndiye anayegonga ukuta, na ndiye tuliyekuwa tunataka akue.

Na wewe unayesema niliyeko mbali nisiwafundishe kazi walioko ofisini, mimi naomba kitu kimoja tu. Barua ya serikali ya mtaa tunaitumia kumdhamini mtu polisi, kuombea NIDA, hata kufungulia akaunti benki. Mwenyekiti wa mtaa wetu amemjua mdogo wangu tangu anatambaa. Barua yake itoshe kuthibitisha kwamba huyu anapikia kwao. Halafu afisa afya aje, afungue friji, apime, na kama jiko ni chafu amnyime leseni kwa uchafu.